Barua kwa Lugano: injini ya mtumba siitaki

Uyole, Mbeya

Kwako Lugano,

Ugonile mwaisa. Huku wote wazima, ila baridi imetukamata; asubuhi spana haishikiki bila glavu.

Ujumbe wako kuhusu injini ya mtumba uliyoiona Ilala nimeupata. Bei ni nzuri, sikatai. Lakini siichukui, na usidhani ni ubahili.

Gari lilianza kugonga nikitoka Chimala, pale tunapopandisha Inyala. Nilizima papo hapo, nikavutwa mpaka nyumbani. Nilipopasua filta ya oili nikakuta chenga za chuma zimejaa kwenye mikunjo ya karatasi, basi nikajua beringi ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, imekwenda.

Hizi injini za Subaru, EJ20, zina visa. Pistoni zimelala ubavuni, bloku ni nusu mbili, na huwezi kuzitenganisha kabla ya kuchomoa pini za pistoni. Unafungua vizibo vya pembeni, unapenyeza koleo jembamba ndani ya tundu, tochi mdomoni, unapapasa klipu usiyoiona vizuri. Moja ilichomoka ikarukia nyuma ya magunia ya mahindi. Watoto ndio walioipata, wakadai soda.

Beringi yenyewe ilikuwa imelika mpaka ikabaki rangi ya shaba. Ila sikutaka kununua kitu kabla sijamjua mchawi. Nikatoa bomba la kunyonyea oili kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nikaziba upande mmoja, nikamimina petroli. Ikatokeza kwenye uchomeleaji, polepole, kwenye ufa ambao kwa macho huuoni. Pampu ilikuwa inavuta oili na hewa pamoja, nasi tunapanda mlima na mzigo!

Sasa hiyo ya mtumba ina bomba la aina hiyohiyo, na umri wake nani anaujua? Tena zile chenga ziko kwenye kipoza oili cha gari langu na mabomba ya tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini. Ukifunga injini yoyote na vitu hivyo, hata mpya, zitaingia humo. Kipoza nakitupa, siamini kuosha. Tabo naifungua yote. Huku kwetu, mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na tabo inabidi izunguke kwa nguvu zaidi kuliko huko Dar.

Krenki imeshachongwa. Shingo za konrodi zilikuwa milimita 52, sasa ni 51.75. Kwa hiyo nitafutie beringi za konrodi za saizi ya 0.25, siyo standadi. Muuzaji akikuambia "zinaingiliana hizi," ondoka. Nichukulie na bomba jipya la kunyonyea oili. Kufunga nitafunga mwenyewe, kila beringi naipima nafasi kwa ule uzi laini wa plastiki unaopondeka kabla ya kukaza mara ya mwisho. Siku ya kuwasha nitachomoa soketi za koili na injekta, nipige stata mpaka taa ya oili izime, ndipo nirudishe moto.

Hela nakutumia kwenye simu jioni hii. Mzigo mpe kondakta wa basi la usiku, uandike namba yangu juu ya boksi. Nitaupokea stendi ya Nane Nane.

Msalimie shemeji.

Wako,
Anyosisye