Mwanangu, kibali chako kinaisha lini?

Mwanangu Salma,

Asalaam aleikum. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Nimesoma yote uliyonitumia kuhusu yule mchoraji wako, Carry van Biema, na usingizi umenipaa. Kibali chako cha kuishi huko kinaisha lini? Usiniambie "bado kitambo, mama."

Fahari ninayo, nimewasomea hadi wateja. Mwanamke wa Hannover, hukohuko Ujerumani, kasoma kwa Adolf Hölzel, na mwaka 1930 kayatoa mafunzo ya rangi ya mwalimu wake kitabu kizima. Johannes Itten, mwanafunzi mwingine wa Hölzel, ndiye aliyepata jina, na kitabu chake kikubwa cha rangi kimetoka 1961! Hilo liandike waziwazi kwenye tasnifu yako, usiliumeume. Ile habari ya rangi kubadilishana sura nimeijaribu hapa kwenye cherehani. Kipande cha kijivu nimekiweka juu ya kitambaa chekundu, kikaanza kuonekana kijanikijani. Nikakihamishia juu ya kijani, kikaingia wekundu. Miaka yote nashona, naona uzi umegombana na kitambaa, sababu siijui.

Lakini tazama yaliyomfika Carry. Alikuwa Myahudi. Wanazi walishika nchi 1933, na 1935 wakawavua Wayahudi uraia kwa sheria. Akakimbilia Amsterdam, Uholanzi, pua na mdomo na kwao. Mei 1940 jeshi la Ujerumani likaingia Uholanzi, na 1942 akauawa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi.

Najua zama si zile, na huyo bibi mwenye nyumba wako namwombea dua kila siku. Ila kwenye taarifa ya habari nimeona watu wanaandamana wakitaka wageni waondolewe. Mzaliwa wa palepale alivuliwa nchi yake, sembuse wewe wa kibali? Peleka maombi mapema, tunza nakala, pasipoti usimwachie mtu. Akili unayo, mwanangu, lakini tangu mdogo wewe ni mtu wa kesho.

Kifua cha baba yako kimepungua. Bati za jikoni tumebadilisha. Ukuta uliouchorachora nimemkataza fundi asiupake rangi. Hela ilitosha. Mwezi huu usitume, lipia hicho kibali kwanza. Mdogo wako anaulizia kalamu za rangi ulizomwahidi. Mpe mtoto wa jirani anayerudi Desemba, na umwambie azitie kwenye begi la mkononi, mizigo inapotea.

Mama yako