Toleo Jipya la Kifaa cha Kuvuta Mvuke: Nini Kimebadilika Ndani Yake

Malalamiko tuliyoyapokea zaidi kuhusu toleo la zamani la kifaa hiki hayakuhusu betri wala ladha, bali uvujaji. Mteja hukitoa kifaa mfukoni akakuta kioevu kimeshuka hadi chini ya tangi na kulowesha nguo, na wakati mwingine hukionja ulimini kabla hajauona mvuke wenyewe. Toleo jipya limeundwa upya kwa sababu hiyo kuliko sababu nyingine yoyote, ingawa matangazo yake husifu zaidi skrini ya rangi na umbo jembamba. Skrini inapendeza, hatukatai. Lakini anayejiuliza kama inafaa kubadilisha kifaa chake aanze kuangalia tangi.

Kioevu kilichomo ndani ya tangi hakizuiwi na pamba ya koili, yaani kipashio kinachokigeuza kioevu kuwa mvuke, peke yake. Tangi likiwa limefungwa barabara, kila tone linalonyonywa na pamba huongeza nafasi ya hewa iliyo juu ya kioevu, shinikizo la hewa hiyo hushuka chini ya lile la nje, na tofauti hiyo ndiyo inayokishikilia kioevu kisitiririke. Mtu anapolifungua tangi ili aongeze kioevu, hewa ya nje huingia, mshiko huo hupotea, na kioevu hupenya pamba kwa uzito wake hadi kwenye matundu ya hewa, ambayo katika toleo la zamani yalikuwa chini kabisa ya koili. Joto la mfukoni au la ndani ya gari lililoegeshwa juani nalo huitanua hewa ya ndani na kukisukuma kioevu kwa njia ileile. Ndani ya ndege, ambako shinikizo la kabini hushuka kadiri ndege inavyopanda, hali hiyo huja upesi zaidi. Kwa hiyo ni vema kusafiri na tangi tupu, na kifaa kibebwe kabinini, kwa kuwa vifaa hivi haviruhusiwi katika mizigo inayowekwa tumboni mwa ndege.

Katika toleo jipya matundu ya hewa yamepandishwa juu ya tangi. Hewa huingia huko, hushuka kwa mfereji ulio pembeni, hupita kwenye koili, kisha hupanda na mvuke hadi mdomoni, na kioevu kikizidi ndani ya koili hakina tundu la chini la kutokea. Kujaza nako hufanyika kwa juu, na mfuniko unapofunguliwa vali huyaziba matundu yanayoingiza kioevu kwenye koili mpaka mfuniko urudishwe. Mpangilio huu una gharama yake: njia ya hewa imekuwa ndefu, mvuto ni mzito kidogo, na mtu aliyezoea ladha kali ya toleo la zamani atauhisi upungufu. Kwa maoni yetu badiliko hilo linastahili, ila tunalisema mapema ili mteja asishangae baada ya kununua. Tena, si kila unyevunyevu ni uvujaji, kwani mvuke ukigusa chuma baridi hugeuka kuwa matone, nayo hufutwa kwa kitambaa tu.

Koili yenyewe sasa ni ya wavu badala ya waya uliosokotwa. Wavu hugusa sehemu kubwa zaidi ya pamba na kuipasha joto kwa usawa, hivyo si rahisi sehemu moja kuungua huku nyingine ikiwa bado mbichi. Hata hivyo, hakuna koili inayostahimili pamba kavu. Anayeweka koili mpya na kuvuta papo hapo huiunguza pamba, na kioevu kikipashwa joto kupita kiasi hutoa kemikali zenye madhara, ikiwemo formaldehaidi. Subira ya dakika 10 hivi baada ya kujaza hutosha. Uzito wa kioevu nao una maana kubwa. Viungo vikuu vya kioevu ni viwili: kioevu chenye propilini glikoli nyingi ni chepesi, na kile chenye gliserini nyingi ni kizito. Koili hii yenye ukinzani (kiasi inachouzuia umeme kupita) wa omu 0.4 ina matundu mapana yaliyokusudiwa kioevu kizito, na atakayeweka chepesi ataendelea kulalamikia uvujaji hata kwa tangi jipya.

Badiliko la pili kwa umuhimu ni chipu inayosimamia umeme. Betri ya lithiamu ikijaa huwa na volti 4.2, na hushuka kadiri inavyotumika. Katika toleo la zamani volti hizo zilikwenda moja kwa moja kwenye koili, kwa hiyo koili ya omu 0.4 ilipata wati 44 asubuhi, na betri iliposhuka hadi volti 3.4 ikapata wati 29 tu, jambo lililowafanya wengi wadhani koili imechoka ilhali betri ndiyo iliyopungua. Chipu mpya hushikilia wati alizochagua mtumiaji hadi betri inapokaribia kuisha. Pia hupima ukinzani wa koili kabla ya kupeleka umeme, na ikikuta shoti hukataa kuwasha. Betri ya lithiamu inayopigwa shoti hupata joto kali na inaweza kuwaka moto, kwa hiyo kinga hii kwetu ina thamani kuliko skrini na rangi zote kwa pamoja.

Kuchaji hufanyika kwa waya wa USB-C, na skrini huhesabu mivuto ya siku, jambo linalomsaidia anayetaka kupunguza.

Maboresho haya yote hayabadilishi nikotini, ambayo huleta uraibu kwa kifaa chochote inachopitia, wala hayaufanyi mvuke kuwa salama. Tunawauzia watu wazima ambao tayari wanavuta. Hatuwauzii watoto, na hatumshauri asiyevuta wala mjamzito aanze. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi: Umoja wa Ulaya, kwa mfano, umeweka kikomo cha mililita 2 kwa tangi na miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita ya kioevu, na zipo nchi zinazokataza vifaa hivi kabisa.

Wenye toleo la zamani wafahamu kwamba koili zake haziingii katika tangi jipya, kwa kuwa kitako kimebadilishwa. Mwenye akiba ya koili nyingi azimalize kwanza, mradi betri yake haijavimba na ganda lake halijachubuka.