Breki inayobana kwenye pikapu: usinunue kalipa kabla hatujafungua nipo

Mzee mmoja anayebeba nyanya kutoka Ilula alituletea Hilux yake ya 4x4 ikiwa na kalipa mpya, kile chuma kinachobana pedi za breki, mbele kushoto. Hiyo ilikuwa ya pili. Ya kwanza alinunua ya mtumba, akaona haijasaidia, akaenda dukani kununua mpya. "Fundi, gari limekuwa zito," alituambia. "Nikiachia mafuta kwenye tambarare linasimama lenyewe, na hili tairi linanuka." Pedi mpya, kalipa mpya, na rimu bado huwezi kuigusa. Ubovu ulikuwa kwenye kipande cha mpira kisichofika urefu wa mkono, ambacho hakuna aliyekigusa.

Hatumcheki. Sisi wenyewe miaka ya mwanzo tuliwahi kumfungulia mteja kalipa mara mbili kwa tatizo hilohilo, na mara ya pili tulifanya bure maana aibu ilikuwa yetu. Tangu siku hiyo hapa gereji hatuagizi spea ya breki inayobana kwa kukisia.

Ukikanyaga breki, mafuta ya breki yanasukumwa kutoka masta silinda, ile pampu iliyoungwa na pedeli, yanapita kwenye paipu, yanasukuma pistoni ndani ya kalipa, nayo inaibana pedi kwenye diski inayozunguka na tairi. Ukiachia, yanatakiwa yarudi. Kwa hiyo tairi likibana kuna mawili tu: ama mafuta hayajarudi, ama mafuta yamerudi lakini chuma ndicho kilichogoma kurudi. Kazi yote ya ukaguzi ni kujua uko upande gani, na hilo hujulikana kwa dakika chache ukifuata mpangilio.

Tunaanza kwa kuliendesha gari kilomita kumi hivi, breki tukizitumia kidogo iwezekanavyo. Tukirudi tunaliacha lisimame lenyewe, tunaweka mawe, hendibreki hatuivuti. Hapo tunapima joto la kila tairi kwa kile kipimajoto cha kulenga kama bastola. Ukiwa nyumbani na huna hicho, sogeza mgongo wa mkono karibu na rimu bila kugusa, utasikia lipi linatofautiana. Matone mawili ya maji juu ya rimu nayo yatakupa jibu, ila diski usiimwagie maji ikiwa ya moto, inaweza kupinda au kupasuka.

Tunachotafuta ni tofauti ya kushoto na kulia. Aliyetoka kushuka mteremko wa Kitonga na mzigo rimu zote zitakuwa za moto, na hapo hakuna kasoro. Lakini mbele kushoto ikiwa inachemka na mbele kulia ni vuguvugu, tumeshapata pa kuanzia. Angalia pia joto limekaa wapi. Kama diski iko kawaida ila kitovu cha tairi ndicho kinachounguza, mara nyingi huyo ni beringi, na ukilizungusha tairi utasikia mkoromo.

Kisha tunapiga jeki na kuweka stendi. Tairi la mbele lenye afya ukilizungusha kwa mkono linakwenda mzunguko mmoja au zaidi, na utasikia pedi ikikwaruza kidogo, hiyo ni kawaida. Linalobana linahitaji mikono miwili. Mwenzangu anakanyaga breki kwa nguvu, anaachia, tunazungusha tena. Wakati mwingine tairi lilikuwa jepesi kabla ya kukanyaga, baada ya hapo likawa kama limegandishwa.

Likiwa limebana hivyo hivyo, tunafungua nipo, ile ndogo ya kutolea upepo kwenye kalipa. Mafuta yakiruka kwa kasi na tairi likalegea papo hapo, kulikuwa na presha iliyonaswa, na kalipa haina kosa. Mafuta yakitoka kinyonge na tairi likabaki limebana, kosa liko palepale kwenye kalipa au pedi.

Kwa yule mzee tairi lililegea. Tukafunga nipo, tukakanyaga tena mpaka likabana, safari hii tukalegeza nati pale paipu ya chuma inapoungana na hosi, ile paipu ya mpira inayokwenda kwenye kalipa. Halikulegea. Kumbe mafuta yalikuwa yamefungiwa ndani ya hosi yenyewe. Tulipoipasua kwa urefu, ngozi ya ndani ilikuwa imevimba na kuchanika, imening'inia kama ulimi. Nguvu za mguu zinapeleka mafuta mbele bila shida, lakini kwenye kurudi hakuna mguu unaovuta. Kinachoirudisha pistoni ni ule mvuto mdogo wa sili yake, raba inayoizunguka, tu, na mvuto huo hauwezi kusukuma ulimi ule. Kwa nje hosi ilikuwa nyeusi na safi, ungeapa ni nzima. Wakati mwingine mpira ni mzima, ila kile kishikio cha chuma kinachoufunga kwenye chesisi kimefura kutu mpaka kikaukaba.

Kama kosa ni la kalipa, aina ya gari ina maana. Hilux nyingi za 4x4 kalipa ya mbele haitembei, imefungwa imara na ina pistoni 4. Moja ikishika kutu utaona pedi moja imelika kuliko mwenzake, au imelika mshazari. D-Max na Ranger kalipa hutembea kwenye pini, na pini zikikauka inashindwa kurudi. Hapo kusafisha na kupaka grisi inayofaa kunatosha. Grisi ya beringi usiipake kwenye pini, inavimbisha raba zake na baada ya muda utarudi palepale.

Matairi yote 4 yakibana kwa pamoja, acha matairi, nenda kwenye pedeli. Inatakiwa iwe na mchezo wa milimita chache kabla haijaanza kusukuma. Swichi ya taa za breki ikifungwa kwa kuibana sana inaizuia pedeli isirudi mpaka mwisho. Busta, kile kifaa kinachoongezea mguu nguvu, ikibadilishwa na fimbo yake inayosukuma masta silinda ikaachwa ndefu, matokeo ni yaleyale. Tunalegeza nati zinazoshika masta silinda na kuivuta mbele milimita tatu hivi. Matairi yakilegea, fimbo au pedeli ndiyo yenye kosa. Yasipolegea, tunaishuku masta silinda, kwa sababu ina tundu dogo sana la kurudishia mafuta kwenye kopo la mafuta ya breki, na tundu hilo likizibwa mafuta hayana pa kwenda.

Hapa kuna jambo linalotuudhi. Mtu anaona mafuta ya breki yamepungua, anajazia oili ya injini au mafuta ya usukani yaliyokuwa karibu. Raba za breki hazivumilii mafuta hayo, zinavimba, na siku mbili tatu baadaye gari halisogei. Ukifungua kifuniko cha kopo ukakuta raba yake imevimba hata hairudi mahali pake, hapo hakuna njia ya mkato: kila raba iliyoguswa na mafuta hayo inatoka, pamoja na hosi, na paipu zinasafishwa. Kama umejazia kimakosa na hujakanyaga breki, usiwashe gari. Tupigie tuje kunyonya kopo, utaokoa hela nyingi.

Nyuma mara nyingi ni hendibreki. Pikapu inayolala shambani na hendibreki ikiwa juu, kebo inajaa tope na kutu. Kwenye Hilux za zamani kile kipembe kinachoegemea sahani ya nyuma ya ngoma nacho kinagoma kurudi, na breki shuu zinabaki zimefunguka. Yakibana matairi yote mawili ya nyuma na kebo ni huru, tazama ile hosi moja inayotoka chesisi kwenda kwenye ekseli, maana inalisha pande zote mbili.

Tunaombwa sana: "Fundi, nimalizie safari kwanza, nitaleta Jumatatu." Tunakataa, na sababu ni joto. Mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 3 yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 205 za selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Breki inayobana inafika huko bila wewe kukanyaga kitu. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, pedeli inazama mpaka chini, na kama uko mteremkoni na nyanya nyuma unajua kinachofuata.

Ukaguzi wote unachukua kama saa moja na nusu, unalipiwa, na ukitengenezea hapa tunaukata kwenye bili. Spea ya zamani tunakukabidhi mkononi. Hosi ya mzee aliikataa, iko mezani kwetu, imepasuliwa katikati. Ukija, usipitie kuosha gari njiani. Maji yanapoza rimu, na sisi tunalitaka joto lake.