Jumapili ya kukaa tu, Mwanza

Igogo, Mwanza
Jumatatu asubuhi

Shoga yangu Rukia,

Assalaam aleikum. Nakuandikia nikiwa nimeegemea jiwe. Usicheke, ni jiwe kweli, kubwa kushinda matatu ya Kisauni, limekaa katikati ya ua wa Kabula kama mzee wa mtaa aliyekataa kuhama. Nyumba ndiyo iliyopisha. Ukuta wa jiko umejengwa mpaka ukakutana nalo, ukaishia hapo hapo. Upande wa nne wa jiko ni jiwe lenyewe, jeusi tititi kwa moshi. Mlima mzima uko hivi. Watu wamepenyeza nyumba zao kati ya majabali, na ukitazama kutoka chini unajiuliza nani anamshikilia mwenziwe.

Nilifika Jumamosi usiku. Safari sitakuchosha nayo. Nairobi, Migori, Isebania tukashuka kugongewa pasi, tukavuka Sirari, halafu basi la pili likatuharibikia karibu na Lamadi. Tukakaa saa tatu nzima kando ya barabara, na abiria wenzangu wakiniapia kwamba upande ule ni Serengeti, nisithubutu kwenda kujisaidia mbali. Nikajizuia mpaka Magu, wallahi. Pale stendi kijana wa bodaboda akaniambia nauli ni elfu tatu, moyo ukaruka. Mpaka nikakumbuka kugawanya kwa ishirini.

Kabula wetu sasa ni Mama Kulwa, hakuna anayemwita jina jingine hapa mtaani. Amenenepa kidogo, mashavu yamejaa, lakini kile kicheko chake cha kuvuta pumzi ndani kama mtu aliyemeza pilipili ni kilekile. Unakumbuka tulivyomlaumu alipojifungua, kwamba hata majina ya watoto hakutushirikisha? Basi tulimwonea. Kwa Wasukuma pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, hakuna mjadala. Na anayezaliwa baada yao ni Shija. Nilipomuuliza Shija yuko wapi akanitishia mwiko.

Nami nilikuwa nimekuja na karatasi yangu. Wanijua. Nimeorodhesha: kisiwa cha Saanane, ambacho ni hifadhi ya taifa, na wanyama wake, Jiwe la Bismarck, makumbusho ya Wasukuma kule Bujora, hilo daraja jipya. Kabula akaisoma mpaka mwisho, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya chupa ya chai. "Kesho umekuja kwangu," akasema. "Mawe hayaendi popote."

Basi jana Jumapili ikaanza kwa jogoo, na si kwa kuwika. Kabula alikuwa ameshatoka kwenda misa ya kwanza. Mimi namaliza kunawa nikamwona mumewe anatoka getini na jogoo kwapani, amevaa kandambili, yuaenda mbio kama aliyechelewa kazini. Kumbe anamtafuta jirani Mwislamu amchinjie, ili mgeni wake ale bila wasiwasi. Wa kwanza hayupo, kasafiri. Wa pili amelala. Alirudi baada ya nusu saa, jogoo kachinjwa, na yeye anaomba radhi kwa kuchelewa! Nikakosa la kusema.

Ungependa kumjua huyu bwana. Mpole, haongei sana, ila ukimtajia barabara hanyamazi. Huendesha lori la mizigo kwenda Sengerema na Geita. Zamani, asema, akifika Kigongo jioni akakuta foleni ya kivuko ishakuwa ndefu, alilala kwenye kabini, na Jumapili zake nyingi ziliishia hapo. Daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa Juni 2025, na sasa hizo kilomita 3 juu ya maji anazimaliza kabla wimbo haujaisha redioni. Kabula akadakia kutoka jikoni: "Tangu daraja lifunguliwe ndiyo nimejua mume wangu anakoroma."

Chai tukainywea uani. Nikaomba mkandaa, watoto wakatazamana. Hapa ni chai ya rangi. Leso ni kanga, omena ni dagaa, na yule samaki wanayemwita mbuta kule Kisumu, hapa ni sangara. Hata neno diko halipo. Hapa mashua za uvuvi hufika mwaloni. Ya mkandaa ndiyo Kulwa aliyoipenda, siku nzima akawa anatengeneza sentensi. Chai ililetwa na michembe. Ni viazi vitamu, vimekatwa vipande vyembamba vikiwa vibichi, vikaanikwa juani mpaka vikawa kama vigae. Huanikwa juu ya hilo hilo jiwe. Mimi kwa ujuaji wangu nikachukua kimoja kwenye ungo nikakitia jinoni kikavu. Kilisikika mpaka kwa jirani. Kumbe huchemshwa kwanza, na wengine huongeza karanga, na hapo huwa vitamu hasa, vina harufu ya moshi na asali kidogo.

Hawa watoto wako darasa la tano na hawamwachi mtu apumzike. "Mama mdogo, Kenya mna asilimia ngapi ya ziwa?" Mimi najua wapi? "Sita!" akasema Kulwa. "Sisi 51, Uganda 43." Akaniambia na habari za yule mzungu, Speke, aliyefika hapa mwaka 1858, akalitazama ziwa akalipa jina la malkia wake. Bibi yao, mama yake Baba Kulwa, alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua mchele, aliposikia hilo jina akatikisa kichwa, akasema neno moja: "Nyanza." Yaani ziwa, basi. Doto akanionea huruma. "Mwache, Kulwa. Watu wa Mombasa wana bahari." Halafu akanong'ona, "Ni kweli ina chumvi yote? Mpaka katikati?"

Sasa nikueleze ya nazi, maana humo ndimo ilimo barua hii.

Nilikuwa nimebeba nazi nne. Najua ulinicheka. Kabula alipoziona akashika kifua kwa mikono miwili, akasema leo sato ataliwa kwa tui, kama kule chumbani kwetu Majengo. Sato wenyewe Baba Kulwa kawaleta asubuhi kutoka Mwaloni, Kirumba, watatu, wakubwa, macho bado yanang'aa. Ila mbuzi ya kukunia hakuna, si kwake, si kwa jirani, labda mtaa mzima. Nikataka kukata tamaa. Kabula akaenda kukileta kinu. Tukavunja nazi juu ya jiwe, tukabandua nyama kwa kisu, tukaikata vipande vidogo vidogo, tukatia kinuni.

Akaanza kutwanga yeye. Mimi nimeketi chini napaa samaki, magamba yamenijaa mikononi. Hatusemi kitu. Unasikia mchi tu, na redio ya mtu kule chini.

Halafu akasema, hata hakunitazama: "Siku zile za mama niliuza simu."

Rukia, wewe ndiye pekee niliyekwambia kwamba nina kinyongo na Kabula. Miaka mitatu. Mama yangu aliyempikia, aliyemfulia, aliyekuwa akimwita "mwanangu wa bara", anafariki, na yeye haji matangani, hapigi simu, hata ujumbe. Nilikuwa nimeapa kwamba sitalitaja. Nilikuja huku nikiwa nimelimeza.

Akaendelea kutwanga. Doto alikuwa amelazwa, malaria imempanda kichwani, wiki mbili. Baba Kulwa hana lori wakati ule. Simu iliondoka, na cherehani ikafuata. Habari za msiba alizipata baada ya miezi miwili kupitia kwa mtu. "Kila nikitaka kukupigia," akasema, "naona siku zimezidi. Aibu ikawa inazaa kama riba."

Nilitaka kusema kitu, kikakwama. Nikasimama, nikajipangusa magamba kwenye gauni, nikauchukua mchi mkononi mwake nikatwanga mimi. Alipoona nimechoka akaupokea. Tukapokezana hivyo mpaka nazi ikawa laini kama uji, tukaikamua kwa kitambaa cha chandarua kipya, tui likatoka zito, jeupe. Bibi akaomba aonje. Akatia kidole, akalamba, akafikiri sana, akauliza kwa Kisukuma kitu kilichomfanya Kabula akae chini kwa kicheko. Ameuliza haya ni maziwa ya ng'ombe gani.

Chakula kiwazie mwenyewe. Sato wamekaangwa kwanza kidogo, ndipo wakapikwa kwa tui, ndimu na pilipili mbili nzima. Ugali pembeni, na wali kwa ajili yangu, na yule jogoo wa mbio za alfajiri. Nilikula mpaka nikafungua kifungo.

Baada ya chakula nikaona wakati wa kutoa zawadi ya bibi. Ile leso niliyonunua Biashara Street siku ya safari, rangi ya zambarau na manjano, wajua nilivyoharakishwa. Bibi akaipokea kwa mikono miwili, "wabeja, wabeja", akaikunjua. Yeye hasomi, kwa hiyo akamwita Doto amsomee jina. Mtoto akalivuta neno kwa neno, kwa sauti ya darasani: HASIDI. HANA. SABABU.

Kimya! Mimi mtoto wa Mombasa, niliyezaliwa kwenye leso, nimesafiri nchi mbili kumletea mama mkwe wa rafiki yangu leso nisiyoisoma jina. Nilitamani jiwe lipasuke liniingize ndani. Bibi akauliza hasidi ndiye nani. Baba Kulwa, ambaye siku nzima alikuwa amesema maneno arobaini, akaweka kikombe chini polepole. "Mama, hiyo ni ya kuvaa ukienda kwa yule jirani wa mbuzi." Bibi akaifunga kiunoni pale pale. Nasikia kuna kesi ya mbuzi na mchicha, ya tangu mwaka jana. Leo asubuhi nimemwona ameivaa, akapita njia ya mbele badala ya ya nyuma. Taratibu.

Mchana wote hatukufanya kitu. Sijui nikwambie nini kingine. Tulilala kwenye mkeka kivulini mwa jiwe, miguu yangu kwenye mapaja ya Kabula kama zamani, akanisuka mistari miwili akachoka akaiacha. Mpaka sasa natembea na mistari miwili. Tukakumbuka yule mwenye nyumba wetu aliyekuwa akikata umeme saa mbili usiku, na siku ulipomfungia nje. Kabula anakuigiza vizuri kuliko unavyojijua.

Jioni ndiyo iliyonichanganya. Nimezoea magharibi ya Mombasa, nikatawadha mapema, nikatandika mswala, nikangoja. Jua liko palepale. Saa imefika kumi na mbili na nusu, bado lachezea juu ya ziwa. Huku ni magharibi sana na saa ni moja na ya kwetu, kwa hiyo jua lachelewa kwa karibu nusu saa. Nikaketi na udhu wangu kama abiria aliyewahi stendi.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba bibi kigoda chake hukigeuza. Sisi wote tumelielekea ziwa, yeye amelipa mgongo, anatazama mawe. Nilidhani ni macho, mwanga wamuumiza. Kabula akaniambia chini kwa chini: mdogo wake alikuwa ndani ya MV Bukoba, ile meli iliyozama ziwani 1996. Kazikwa Igoma. Tangu hapo bibi samaki anakula, maji hayatazami. Sikuuliza zaidi.

Giza lilipoingia taa zikaanza kuwaka majini, moja, tano, kisha sikuweza kuhesabu tena. Ni wavuvi wa dagaa. Hutoka usiku wa kiza, mwezi ukiwa mkubwa hupumzika, maana dagaa hufuata taa na mwezi huwaharibia. Jiwe bado lilikuwa na joto la mchana. Tukaliegemea migongo, watoto wakatulalia, mpaka Baba Kulwa akaja kuwabeba mmoja mmoja.

Karatasi yangu bado iko chini ya chupa ya chai, imepata duara la maji. Kabula asema Jiwe la Bismarck tutaliona kesho tukienda mjini kununua uzi; hayo mengine nirudi tena nawe ukiwepo. Nimemwambia nitajaribu kukuvuta.

Nakuletea michembe kilo mbili na dagaa. Michembe CHEMSHA. Nisalimie mama, mwambie mguu wake nimeuombea dua.

Na jambo moja. Nilipomuuliza Kabula habari za msiba alizipata kwa nani, akanyamaza kidogo, akasema, "Rukia aliniandikia. Nilimwapisha asikwambie nilivyo." Kwa hiyo miaka mitatu yote niliyokuwa nalia kwako jikoni, nawe wanimiminia chai na kusema "labda ana sababu zake", wewe ulikuwa wajua. Nikifika Alhamisi uwe nyumbani. Usijifanye una safari ya Malindi.

Wako,
Zuhura