Kwa wanabaraza: silikanti, presha na mazungumzo ya juma hili

Ndugu wafanyakazi wenzangu, habari za jioni.

Kikundi hiki tulikianzisha kwa ajili ya soga za baada ya kazi, kwa hiyo naomba ratiba za zamu zibaki kule kwenye kikundi cha ofisi.

Mjadala wa silikanti ulinifurahisha mno. Kaka yetu wa stoo, aliyesema kwamba samaki huyo ni hadithi za wavuvi, ajue kuwa wanasayansi nao walimdhania ametoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, hadi alipovuliwa akiwa hai Afrika Kusini mwaka 1938. Na hapa kwetu Tanga amekwishanaswa mara nyingi katika nyavu za papa. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa, waliohesabu mistari ya magamba yake, walikadiria kwamba huishi karibu miaka 100 na kubeba mimba miaka 5. (Dada zetu wa uhasibu wamekwishatoa pole zao.)

Kuhusu presha, sikupendezwa na ujumbe uliomshauri mwenzetu aache vidonge anywe maji ya kitunguu saumu. Kupunguza chumvi, ambayo Shirika la Afya Duniani linataka isifike gramu 5 kwa siku, ni jambo jema, lakini dawa haiachwi bila kauli ya daktari. Nimeufuta ujumbe huo, na aliyeutuma nimezungumza naye faraghani.

Ijumaa tukutane Raskazone kwa kahawa. Kashata nitaleta mimi.