Barua ya wazi kwa vijana wanaotunga mataifa: huo mkataba uliandikwa kwa lugha ya nani?

Wajukuu zangu,

Daftari lenu nimelisoma lote, nimemaliza jana usiku na leo asubuhi nikarudia tena ile sehemu ya vita. Nawapongeza kwa moyo wangu wote maana kukaa chini mkabuni mataifa mawili, moja la visiwani lenye meli na jingine la bara lenye shaba, halafu mkayatungia historia ya kutumiana mabalozi na kupigana na kutawalana, hiyo si kazi ndogo. Ramani imependeza, wafalme wana majina yanayotamkika. Ila kuna kitu kimenikaa kooni, na nimeona niandike wazi ili na wengine wanaotunga kama nyie wasome.

Ukurasa wa tisa mmeandika kwamba mkataba ukasainiwa na nchi ikawa koloni. Basi. Mstari mmoja, halafu mnaruka miaka arobaini mnaenda kwenye uasi. Jamani! Hapo mlipopita mbio ndipo hadithi yenyewe ilipo. Huo mkataba ulikuwa na nakala ngapi? Lugha gani? Mkalimani alikuwa nani na nani alikuwa anamlipa? Yule mfalme wa bara alipoinuka pale kwenye mkeka alikuwa anaamini amekubali kitu gani?

Niwape kisa cha kweli. Mwaka 1889 Menelik wa Ethiopia aliwekeana mkataba na Italia pale Wuchale, nakala mbili, moja ya Kiamhari moja ya Kiitaliano. Kifungu cha 17 kwa Kiamhari kinasema mfalme anaweza kuitumia serikali ya Italia akitaka kushughulika na mataifa mengine, yaani akipenda, asipopenda basi. Kwa Kiitaliano kifungu hichohicho kinasomeka kwamba amekubali mambo yake yote ya nje yapitie Italia. Neno moja tu hilo wajukuu zangu, na kwa neno hilo Italia ikawatangazia wakubwa wenzake wa Ulaya kuwa Ethiopia iko chini ya ulinzi wake, na mwenye nchi hana habari. Alikuja kujua pale alipowaandikia watawala wa Ulaya mwenyewe moja kwa moja, akajibiwa apitie Italia. Hebu mfikirieni ameishika hiyo barua mkononi, anamwambia mkalimani asome tena. Alipinga kwa barua miaka kadhaa, 1893 akaukana mkataba wote, na tarehe 1 Machi 1896 wakakutana Adwa na Italia ikapigwa. Vita yenu ya ukurasa wa kumi na nne haina chanzo kama hicho, watu wanapigana tu kwa sababu ilikuwa zamu ya kupigana.

Na hapa ndipo lilipo jambo ninalotaka kuwaambia kuliko mengine yote. Daftari zima taifa la visiwani ndilo linaandika. Gavana anaandika, nahodha anaandika, malkia anajibu. Watu wa bara wao wanapiga ngoma, wanalia, wanachukua mikuki. Kalamu hawana! Nimefundisha historia zaidi ya nusu ya umri wangu na hili ndilo kosa nililolikuta sana kwenye vitabu vyenyewe, kwa hiyo siwalaumu, ila msilirudie nyie ambao mna uhuru wa kutunga mnavyotaka. Waliotawaliwa waliandika barua, walituma wajumbe, walipeleka malalamiko. Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa akitafuta makoloni, alipozunguka Usagara, Ukami, Nguru na Uzigua, huko Tanzania bara ya leo, mwishoni mwa 1884 akikusanya alama za machifu kwenye karatasi za Kijerumani, na Februari 1885 serikali yake ikampa hati ya kuzilinda hizo nchi, Sultani Barghash wa Zanzibar hakukaa kimya, alimpinga Kaiser, mfalme wa Ujerumani, moja kwa moja. Kilichomnyamazisha ni manowari za Kijerumani zilizokuja kutia nanga mbele ya mji wake Agosti 1885. Sasa ona tofauti ya kuandika "sultani alikubali" na kuandika kwamba alikubali huku mizinga anaiona baharini.

Wamasai nao. Mwaka 1904 Waingereza waliwaondoa kwenye malisho ya Bonde la Ufa, wakawapa hifadhi mbili, kusini na kule Laikipia, na mkataba ukasema utadumu kadiri Wamasai watakavyokuwepo duniani. Haujapita hata muongo mmoja, 1911 ukaletwa mkataba mwingine wa kuwatoa Laikipia. Wakaenda mahakamani, wakaweka mawakili! Mwaka 1913 mahakama ikasema haiwezi kuisikiliza kesi kwa sababu hayo ni makubaliano kati ya mataifa mawili, Wamasai ni taifa la kigeni mbele ya Mfalme wa Uingereza. Yaani siku ya kodi na kuhamishwa ni raia wa kutawaliwa, siku ya kudai haki ni wageni wenye nchi yao. Nilikuwa nikiisoma hii darasani sauti inanikatika, mpaka leo. Mkitaka kuandika ukoloni mkaeleweka andikeni hukumu kama hiyo, ina nguvu kuliko kurasa zenu tatu za mijeledi.

Mipaka yenu iliyonyooka kwa rula siigusi, ni kweli ilichorwa hivyo sehemu nyingi. Ila kumbukeni kuna na nchi za kupangisha. Mwambao wa Kenya kuanzia 1895 Waingereza walikuwa wanautawala na huku wanamlipa Sultani wa Zanzibar pango kila mwaka, na bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea kwenye ngome ya Fort Jesus pale Mombasa mpaka 1963. Mtawala mmoja, bendera ya mwingine, na mtoto anayekulia chini yake akiulizwa nchi yake ipi atajibu nini? Bandari yenu ile ya kusini ingefaa sana kwa hilo.

La mwisho ni ukurasa wenu wa uhuru, mmefunga daftari bendera ikipanda. Haiti ilijikomboa 1804, na 1825 Ufaransa ikaja na meli za kivita kudai faranga milioni 150 ili iitambue, waliokuwa watumwa wakawalipa waliokuwa mabwana. Na Mkwawa, mtawala wa Wahehe kule Iringa, alikufa 1898, Wajerumani wakakikata kichwa chake, na fuvu lake likaandikwa kwenye kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani na Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwamba lirudishwe ndani ya miezi sita. Lilirudi 1954! Wahehe walisubiri zaidi ya miaka hamsini. Mabalozi wa mataifa yenu mawili baada ya uhuru watakaa mezani kuongea nini kama hamjaacha deni, fuvu, kisima, kaburi, kitu ambacho upande mmoja umekisahau na mwingine haulali?

Kwa hiyo rudini ukurasa wa tisa. Uandikeni huo mkataba mzima, mara mbili, wewe mkubwa andika wa visiwani na mdogo wako aandike wa bara, bila kuoneshana, kisha muwekeni mkalimani katikati na mumpe jina na mama na sababu ya kukubali ile kazi. Mkimaliza nileteeni, nitazisoma zote mbili kwa sauti.

Babu yenu