Kwa Mwanangu, Kabla Hujaondoka

Mkomani, Lamu

Mwanangu Mwanaisha,

Baada ya salamu, sisi hatujambo, ila tangu uliposema katika simu, tena kwa kucheka, kwamba kipimo chako cha mionzi ulikisahau wiki nzima ndani ya mfuko wa koti lililotundikwa, mimi usingizi umenipaa. Unakwenda Geneva, kwenye mtambo wa ISOLDE wa CERN, ile maabara kubwa ya fizikia, ambako tangu 1967 watu huzalisha viini vya atomi visivyo imara ili wavipime, nami nimekupa radhi zangu zote. Lakini kipimo kikibaki kwenye koti, nani atajua mwili wako umepokea kiasi gani?

Usidhani sikufahamu ulivyonieleza. Kiini cha kobalti 60 kikitoa chembe ya beta hugeuka nikeli 60, na nikeli hiyo huzaliwa na nishati iliyozidi, ikateremka ngazi kwa ngazi mpaka itulie, huku ikitoa miale ya gama yenye nishati zake maalumu: kiloelektronivolti 1,173, kisha 1,332. Fuwele ya jemaniamu, iliyopozwa kwa naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ndiyo inayosoma nambari hizo, na kwa nambari hizo ninyi huchora ngazi za kitu ambacho jicho halitakiona kamwe. Niliwaeleza wenzangu barazani, wakanyamaza kimya, nami nikamshukuru Mungu kwa mtoto aliyenipa.

Viini vinavyokufa kabla mtu hajapepesa jicho havinitii hofu. Hivyo ni taabu ya kazi yako, kuviwahi. Ninaogopa vile vya kusahihishia mitambo, vinavyokaa kwenye rafu mwaka baada ya mwaka: kobalti, ambayo hupungua nusu kwa miaka 5 na miezi 3 hivi, na sesiamu 137, ambayo huchukua miaka 30. Umesema nguvu yake ni ndogo. Mtu huzoea kidogo kidogo, mwanangu. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba umbali ukizidishwa mara mbili kinachomfikia mtu ni robo tu. Basi mbona unalolifundisha hulitendi? Kipimo kivae kifuani, kila siku, hata siku ya kuingia mara moja na kutoka.

Uliponiambia kwamba vile vifuko vinavyowaka ndani ya karabai vilitiwa thoriamu, madini yenye mionzi, sikukujibu. Hatukuwa na habari hiyo. Lakini aliyekuwa akikuita uyapulize majivu ya vifuko hivyo, kwa kuwa mikono yake ilijaa shombo la samaki, hakuwa jirani.

Ndugu yako aliitaka karabai ya ghalani aende nayo kuvua. Nimemkatalia na kumnunulia taa ya sola, kwa hiyo fedha za paa la jiko zimepungua na mama yako hajaridhika. Vifuko viwili vimebaki. Nimevitia katika kopo la maziwa na kuliweka juu, mbali na unga. Ulisema thoriamu huchukua miaka bilioni 14 kupungua nusu, basi kungoja hakutafaa kitu, niandikie nivifanyeje.

Mama yako amekufungia achari ya embe. Itie katikati ya nguo, chupa isivunjike. Ukifika piga simu, na kabla hujanieleza baridi ya huko, nieleze kipimo kiko wapi.

Baba yako